Kwa Nini Michango ya Gemu Hukwama Njiani

Je, ni kwa nini Mkenya anayetuma soo mbili za matanga ya mtu ambaye hamjui vizuri hukataa kutuma hata mbao kwa kijana anayetengeneza gemu? Kila mara kijana kama huyo anapoomba mchango kwa simu, mambo huenda vile vile. Siku ya kwanza marafiki wanatuma. Siku ya tatu kunakuwa kimya. Wiki ya pili anaanza kusukuma ujumbe kwa makundi yote ya WhatsApp aliyo nayo, na watu wanaanza kumkwepa. Mwishowe lengo linabaki mbali, na anasema Wakenya hawapendi vya kwao.

Mimi sikubaliani na hitimisho hilo. Na kwa sababu pesa hizi hupitia kwa simu zetu, wewe ukiwa unaomba au unachanga, ni vizuri tuelewe kinachoendelea.

Tuanze na Muthurwa. Huu ni mtaa uliojengwa kwa ajili ya wafanyakazi wa reli, na tangu mwaka 2008 una soko kubwa na stendi ya matatu za kwenda Eastlands. Hapa watu hulipa kwa simu kuanzia gunia la viazi hadi maji ya kunywa. Na gemu zinachezwa. Katika mitaa ya Eastlands hutakosa kibanda chenye televisheni mbili tatu, vijana wamejipanga benchini, kila mmoja akilipia mechi yake. Ukipiga hesabu ya anachotumia kijana mmoja kwa mwezi, mechi moja moja, utapata kwamba pesa ya gemu iko. Kwa hivyo ile hadithi ya "watu hawana pesa" haitoshi. Pesa iko, lakini inaenda kwa kitu ambacho mtu amekiona na anaweza kukicheza sasa hivi.

Gemu si matanga

Kuchanga tunakujua. Neno harambee liko katika nembo ya taifa, na shule nyingi za nchi hii zilijengwa kwa mtindo huo baada ya 1963. Simu ilipokuja, harambee ilihamia kwa simu. Mwaka 2011, wakati wa ukame mkali, kampeni ya Kenyans for Kenya iliweka lengo la shilingi milioni 500 na ikalipita, watu wengi wakituma kidogo kidogo. M-Changa, jukwaa la Kenya lililoanza mwaka 2012, limebeba michango ya hospitali, karo na mazishi. Mwaka 2024, michango ya kuwasaidia walioumia katika maandamano ya kupinga Mswada wa Fedha ilipita shilingi milioni 30.

Angalia michango hiyo ina nini. Kwanza, shida inaonekana. Pili, muda unajulikana: mazishi ni Ijumaa, bili ya hospitali inapanda kila siku. Tatu, kuna kurudishiana. Leo ni kwangu, kesho ni kwako, na orodha ya majina inawekwa kwa kundi ili kila mtu aone nani ametoa na nani amenyamaza. Hata mtu akitoa shingo upande, anatoa.

Gemu haina hata moja kati ya hayo. Hakuna atakayeumia isipotoka. Hakuna tarehe inayobana. Na hakuna anayehisi kwamba asipochanga, siku yake ikifika hatachangiwa. Ukiomba pesa ya gemu kwa lugha ya matanga, yaani "tafadhali nisaidieni, chochote ulicho nacho", msomaji anakuweka kwenye foleni moja na mgonjwa wa figo. Kwenye foleni hiyo gemu itashindwa kila siku, na kusema kweli inafaa ishindwe.

Mchango wa gemu ni biashara. Unamwomba mtu alipie leo kitu atakachopata mwaka ujao, kama kitakuja. Hapo maswali yake ni ya mnunuzi: nitapata nini, lini, na nikikosa je? Wengi wanaoomba hawayajibu maswali hayo kwa sababu hawajui kwamba wanauza.

Kuna jambo moja kuhusu pesa ya simu

Vijana wengi huiga mtindo wa Kickstarter, jukwaa la Marekani lililoanza mwaka 2009. Wanaiga video, wanaiga zawadi za ngazi, wanaiga hata mtindo wa kuhesabu siku. Lakini kuna kitu hawawezi kukiiga kwa urahisi, na ndicho kinacholinda mchangaji.

Kule, ukiahidi dola 20, pesa haitoki kwa kadi yako siku hiyo. Hutoka tu ikiwa kampeni imefikia lengo lake muda ukiisha. Lengo lisipofikiwa, hakuna anayekatwa hata senti. Kwa hivyo mtu wa kwanza kuahidi hana hofu ya kuwa mjinga peke yake.

Kwa simu mambo ni tofauti. Ukibonyeza, pesa imetoka. Kampeni ikipata asilimia 8 ya lengo, ile soo mbili yako iko kwa mtu ambaye hana pesa za kutosha kumaliza gemu, na hana mpango wa kukurudishia. Mchangaji wa kwanza ndiye anayebeba hatari yote. Sasa nani atakuwa wa kwanza? Kila mtu anangoja mwenzake, na kampeni inakufa ikingoja.

Hii, kwa maoni yangu, ndiyo sababu kubwa kuliko zote. Mtu hahitaji kujua Kickstarter inavyofanya kazi ili ahisi hatari hiyo, na anayo haki ya kuihisi. Kwanza, Kenya haimo katika orodha ya nchi ambazo mtengenezaji anaweza kufungua kampeni Kickstarter, kwa hivyo kijana wa Muthurwa hana njia ya mkato ya kuazima imani ya jukwaa hilo. Lazima aijenge mwenyewe.

Hata waliopata mamilioni wameangusha watu

Usifikiri shaka ya Mkenya ni ushamba. Mwaka 2012 kampuni ya Marekani, Double Fine, iliomba dola 400,000 za kutengeneza gemu ikapewa zaidi ya dola milioni 3.3. Gemu yenyewe, Broken Age, ilipaswa kutoka mwaka huo huo wa 2012. Sehemu ya kwanza ilitoka Januari 2014, ya pili Aprili 2015. Na hiyo ni ile iliyofaulu. Mwaka huo huo wa 2012 mwandishi wa riwaya Neal Stephenson aliomba pesa za Clang, gemu ya kupigana kwa panga. Zaidi ya dola 500,000 zilichangwa. Mwaka 2014 mradi ulifungwa bila gemu kamili.

Hawa walikuwa watu wenye jina. Kama wao waliteleza, wewe ambaye jina lako linajulikana kwa ploti yenu tu huna budi kutoa ushahidi mwingi zaidi yao.

Sasa tazama mfano ulio karibu nasi. Kiro'o Games ni studio ya Yaoundé, Kameruni. Walikuwa wanatengeneza Aurion: Legacy of the Kori-Odan, gemu yenye hadithi ya Kiafrika. Hawakuanza na Kickstarter. Walianza kwa kutafuta wawekezaji wadogo waliochukua hisa, wakafungua studio, wakafanya kazi miaka kadhaa. Walipokuja Kickstarter mwaka 2015 wakiomba euro 40,000, walikuwa na gemu inayotembea, sio michoro. Walivuka lengo, na Aprili 2016 gemu ilitoka. Mchango wa umma ulikuwa wa kumalizia safari. Haukuwa nauli ya kuianza.

Hapa Kenya pia watu wametengeneza. Wesley Kirinya alitoa The Adventures of Nyangi mwaka 2007. Baadaye tukapata Ma3Racer, gemu ya matatu iliyochezwa kwa simu, na mwaka 2015 Nairobi X. Kwa hivyo kipaji si hadithi ya kubuni. Kinachokosekana ni daraja kati ya kipaji na pesa ndogo ndogo za watu wengi.

Piga hesabu kabla ya kuomba

Tuseme kijana anataka shilingi 600,000. Anategemea kila mtu atoe 300. Hiyo ni watu 2,000. Je, kati ya wanaoona ujumbe wako, wangapi watatuma? Tuwe wakarimu tuseme mmoja kati ya 50. Basi unahitaji watu 100,000 waone. Kundi la WhatsApp lina mwisho wa watu 1,024. Hiyo ni kama makundi 98 yaliyojaa pomoni, na asiwepo mtu aliye katika makundi mawili. Una makundi 98?

Watu huandika lengo kwa kuangalia wanachohitaji. Wanasahau kuangalia wanaowajua. Lengo likiwa kubwa, mtu akifungua na kuona shilingi 4,300 kati ya 600,000, anafunga. Anaona hata akitoa, hakuna kitu kitabadilika. Lakini lengo la kwanza likiwa shilingi 60,000, za kumaliza kiwango kimoja tu cha gemu, unahitaji watu 200 wa shilingi 300. Watu 200 unaweza kuwataja kwa majina: uliosoma nao, wa kanisa au msikiti, wateja wa kibanda, wenzako wa chama. Ukimaliza hilo na ukaonyesha ulichofanya, unaomba awamu ya pili ukiwa na mashahidi 200.

Kitu kingine kinachokula pesa ni zawadi. Kijana anaahidi fulana kwa kila anayetoa 500. Fulana inagharimu, kuchapisha kunagharimu, kutuma kifurushi Kakamega kunagharimu. Mwishowe amechangisha pesa ya kununua fulana. Ahidi vitu vinavyotoka ndani ya gemu: jina la mchangaji kwenye ukuta wa mtaa ndani ya gemu, au aseme matatu ya ruti yake ipakwe rangi gani. Hivyo havikugharimu posta.

Onja kwanza, nunua baadaye

Wauzaji wa matunda Muthurwa wanajua siri hii kuliko watu wa teknolojia. Muuzaji wa mananasi hakuombi uamini kwamba ni matamu. Anakukatia kipande. Ukishaonja, bei ndiyo mazungumzo yanayobaki.

Gemu inahitaji kionjo. Dakika tano zinazochezeka kwenye simu ya kawaida zinashinda video ya dakika kumi yenye muziki wa kutisha. Kama kionjo hakipo, nasema bila kuzunguka: usiombe umma pesa bado. Omba ndugu, tumia chama, fanya kibarua cha programu umalizie kionjo hicho. Halafu peleka kwa kibanda cha gemu. Mwambie mwenye kibanda awaache vijana wacheze bure Jumamosi moja, wewe kaa kando uangalie wanacheka wapi na wanachoka wapi. Wakimaliza na kuuliza "itatoka lini?", umepata wachangaji wako wa kwanza. Wakirudi kwa mechi yao ya mpira bila kusema kitu, umepata jibu pia, na umelipata kabla hujachukua pesa ya mtu.

Kuna watakaosema huu ni ukatili, kwamba vipaji vya mtaani vinahitaji moyo, na sio masharti. Naelewa. Ni kweli kijana wa Eastlands hana kompyuta nzuri, stima inapotea, bando inaisha, na mwenzake wa Ulaya hana shida hizo. Lakini anayeombwa pia ni wa mtaa huo huo. Ni mama wa mboga, ni makanga, ni kijana wa mkokoteni. Shilingi 300 kwake ni chakula. Kumwomba atoe kwa huruma kitu ambacho hata mwenye benki angekiwekea masharti, hapo ndipo ukatili ulipo.

Ukiwa unaomba

- Tumia Paybill au akaunti ya jukwaa la michango iliyo kwa jina la mradi au kikundi. Laini ya kawaida ya M-PESA haishiki zaidi ya shilingi 500,000, na muhimu zaidi, pesa ya mradi ikikaa pamoja na pesa yako ya kodi ya nyumba, itakuwa vigumu kumweleza mtu yeyote iliendaje.
- Sema mapema, kwa maandishi, lengo lisipofikiwa utafanya nini. Kama utarudisha, sema utarudisha lini na nani atalipia gharama ya kutuma. Kama hutarudisha, sema hivyo pia, na ueleze kiasi kidogo kitafanya kazi gani.
- Unaweza kuchukua ahadi kwanza, kama zile kadi za harambee za zamani, na kuitisha pesa tu ahadi zikitosha. Wengine hawatatimiza. Afadhali ujue hilo kabla ya kuanza kutumia.
- Weka mtu wa pili wa kuthibitisha pesa zinazotoka. Mweka hazina wa chama chenu anafaa kuliko rafiki yako wa karibu.
- Toa taarifa kila wiki mbili, hata kama ni mbaya. "Tumechelewa kwa sababu simu ya majaribio imeharibika" ni bora kuliko kimya cha miezi mitatu.
- Usiahidi faida. Ukimwambia mtu atoe 5,000 apate mgao wa mauzo, huo si mchango tena, ni uwekezaji, na Kenya ina kanuni zake za mwaka 2022 chini ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji.

Ukiwa unachanga

- Cheza kionjo kwanza. Kama hakipo, chukulia pesa unayotoa kuwa zawadi, na utoe kile ambacho hutakililia.
- Soma jina linalokuja kwenye skrini kabla ya kukamilisha malipo. Kama ulitarajia jina la mradi na umeona jina la mtu usiyemjua, simama uulize.
- Usikubali nambari mpya iliyotumwa katikati ya kampeni ati "ile nyingine ina shida". Piga simu kwa mwenye kampeni uthibitishe. Matapeli hupenda kuingia hapo.
- Hakuna mchango unaohitaji PIN yako. Anayeiuliza ni mwizi, hata kama anajua jina lako na la mtoto wako.
- Hifadhi ujumbe wa muamala. Ukituma kimakosa, wasiliana na mtoa huduma wako mara moja kabla pesa haijatolewa.

Kazi ya sisi tunaobeba pesa hizi

Nina maoni moja ya mwisho, na hili linahusu upande wetu. Wachangaji hawatapungukiwa na hofu kwa kuhubiriwa. Watapungukiwa pesa yao ikikaa mahali salama hadi lengo lifikiwe, na ikirudi yenyewe lisipofikiwa. Mfumo wa pesa za simu nchini tayari unaweza kupokea, kurudisha na kutuma kwa maelfu ya watu kwa wakati mmoja. Kushikilia pesa za umma kwa masharti kunahitaji kibali na usimamizi wa Benki Kuu ya Kenya, na hivyo ndivyo inavyopaswa kuwa. Lakini ni jambo linalowezekana, na kampuni za malipo zinapaswa kulisukuma. Litamfaa mwenye gemu, litamfaa anayeandaa tamasha, litamfaa fundi anayechukua malipo ya nusu ya kabati.

Hadi siku hiyo ifike, kijana mwenye gemu anaweza kuifanya kazi hiyo kwa mikono yake: lengo dogo, kionjo kinachochezeka, akaunti ya mradi, sharti la kurudisha lililoandikwa, na taarifa zinazokuja kwa wakati. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachohitaji pesa nyingi. Vyote vinamwambia mama wa mboga jambo moja: shilingi zako 300 nimezihesabu kama ninavyohesabu zangu.